Dirisha la Pampu Namba Mbili

Jumatatu asubuhi pampu za maji za mji mzima zilihamia chumbani kwa mshonaji, miguuni pa kitanda chake. Cherehani ilisukumwa ukutani ikafunikwa shuka, na juu ya meza yake ikawekwa kompyuta. Ndani ya kompyuta mlikuwa na dirisha moja la kijivu: matangi matatu yaliyochorwa kama ndoo, mistari ya mabomba, na vitufe vya pampu namba moja, mbili na tatu. Mshonaji alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto kama daktari alivyoamuru. Alilitazama dirisha hilo kwa jicho la mtu aliyeletewa mgeni bila kuulizwa.

"Ndizo pampu hizo?"

"Pampu zenyewe ziko kule kule kituoni," alisema mumewe. "Hili ni dirisha la kuziendeshea tu. Programu inafanya kazi kwenye kompyuta ya kule, ila dirisha lake tumelivutia huku. Nikibonyeza hapa, kule inawaka."

"Na wao wakibonyeza kule?"

"Inawaka pia. Tumeligawana. Linaonekana kule na huku kwa wakati mmoja."

Kazini mume huyu walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Ni mtu ambaye hakuwahi kumeza kidonge cha kichwa bila kusoma karatasi ya ndani ya boksi mpaka mwisho. Miaka kumi na mmoja ya zamu hakuwasha pampu hata moja kabla ya dakika yake. Sasa mtu huyo alikuwa amekaa kwenye stuli ya cherehani, amevaa bukta na fulana yenye tundu kwapani, anaendesha maji ya mji. Ungewaambia wenzake wangebisha mpaka mishipa ya shingo iwatoke.

Lakini angefanyaje? Mimba mbili za mkewe zilitoka. Ya pili mshonaji alianguka bafuni asubuhi, mumewe yuko zamu, akalala pale kwenye saruji mpaka jioni aliporudi na kumkuta. Hii ya tatu ilikuwa na miezi saba. Daktari alisema alale, asiinuke ila kwa msalani, asibebe kitu, asishtuliwe, na asiachwe peke yake hata saa moja. Taratibu aliyaandika maneno hayo yote kwenye karatasi na akayabandika nyuma ya mlango.

Akaenda kuomba likizo. Meneja alimsikiliza mlango ukiwa wazi, na nje wamejipanga watu watatu wanaosubiri sahihi.

"Kwani anayezaa ni wewe?" meneja alimuuliza.

"Hapana, mkuu. Ila hana wa kukaa naye."

"Mimba si ugonjwa, bwana. Mama yangu alinizaa akitoka kufua. Likizo zako umemaliza. Ukikosekana kituoni siku moja, kesho yake pale amekaa mwingine." Kisha akaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Au unataka tukupe likizo ya uzazi?"

Wale watatu wakacheka. Walikuwa wanahitaji sahihi zao. Taratibu alisema ahsante, na mpaka leo hajui alikuwa anashukuru nini.

Aliyepata ufumbuzi ni shemeji yake, mdogo wake mshonaji, fundi bomba wa kituo kile kile. Walimwita Mpini kwa wembamba wake. Wembamba huo ndio uliompa kazi, maana bomba kuu lilikuwa na upana wa kumpitisha yeye na wachache wengine, na mabosi wenye vitambi hawakuwa miongoni mwao. Mpini alimbana fundi wa kompyuta wa ofisi, mtu waliyemwita Waya. Alikumbuka kwamba Waya alikuwa na programu yake ya kuhamisha madirisha kutoka kompyuta hadi kompyuta, ili asinyanyuke kitini. Ukimpigia kwamba kompyuta imekwama, analivuta dirisha lako mezani kwake, analitengeneza, anakurushia. Wakapanga. Mpini mwenyewe aliibeba kompyuta begani hadi nyumbani kwa dada yake, akaja akihema na kujisifu.

"Dada, umeolewa na kituo cha pampu sasa. Ukisikia kiu, piga teke hiyo meza."

"Nyamaza wewe. Na mkikamatwa?"

"Nani atukamate? Meneja tangu apewe kiti chenye magurudumu hajashuka chini kituoni. Yeye anapiga simu tu. Pale tupo mimi, Waya na Bi Daftari, na Bi Daftari ndiye kasema tufanye."

Bi Daftari alikuwa mama wa makamo aliyeandika kitabu cha zamu kwa miaka thelathini. Nani kaingia, nani katoka, pampu gani imezimwa, fundi gani yuko ndani ya bomba. Na kazi yake moja nyingine ilikuwa kutundika kibao. Zamani, pampu zilipowashwa kwa mkono, fundi akiingia ndani ya bomba kibao chekundu kilichoandikwa WATU WAMO kilining'inizwa kwenye mkono wa swichi. Swichi zilipoingizwa kwenye kompyuta, hakuna aliyewaambia kibao kikae wapi. Wakakitafutia mahali wenyewe: Bi Daftari alikining'iniza kwa kamba mbele ya kioo cha kompyuta, kikaziba vitufe. Anayetaka kuwasha lazima akiondoe kwanza.

"Mimi nikishaona kibao changu kwenye kioo, nikiwa kule ndani hata usingizi naweza kulala," alisema Mpini, akinywa chai ya dada yake uso ukielekea mlangoni, maana alikuwa amechelewa.

Mshonaji alikuwa akifikiria kibao hicho, na ulimi ukamteleza. "Sasa kibao kinatundikwa kule, na mumeo mwenye kuwasha yuko huku."

"Mume wangu?" Mpini alicheka. "Ni wako huyo. Usiwe na wasiwasi. Fundi akitaka kuingia, Bi Daftari anapiga simu kwanza. Shemeji ameshaiandika na hiyo."

Kweli alikuwa ameiandika, na ameibandika chini ya maneno ya daktari.

* * *

Jumanne, mchana kweupe, mshonaji aliona kishale cha kompyuta kinatembea peke yake.

Mumewe alikuwa jikoni anachemsha maji. Kwenye dirisha la kijivu kishale kiliondoka pembeni, kikapita juu ya tangi la kwanza, kikasimama, kikaja polepole upande wake kana kwamba kinamtazama. Shuka lilikuwa limemshuka mpaka kiunoni kwa joto. Alilivuta akajifunika hadi kidevuni.

"Wewe," aliita. "Njoo. Kuna mtu humu."

Taratibu alikuja na kijiko mkononi. "Ni Bi Daftari huyo. Pengine anapangusa meza, amekigusa kipanya."

"Ananiona?"

"Hakuoni. Haoni chumba. Anaona dirisha tu."

"Najua unaniambia hivyo. Lakini mimi nimelala hapa nusu uchi mchana kutwa, na kuna mkono wa mtu unatembea miguuni pangu. Mwambie autoe."

"Tumeligawana ili na yeye aone, mama. Ni vizuri mtu wa pili akiona."

"Basi ama dirisha hilo ama mimi," alisema mshonaji, na machozi yakamlengalenga. Yeye mwenyewe hakutegemea. Siku tisa amelala, mgongo unawaka, hawezi hata kushona kifungo, na mwili wake wote umekuwa mali ya kuulizwa na kuchunguzwa. Alitaka chumba kiwe chake, ni hilo tu.

Taratibu alisimama na kijiko chake. Hakulipenda jambo hilo. Mkewe aliliona kutolipenda kwake usoni, akanyamaza makusudi ili kimya chake kifanye kazi. Kikafanya. Mumewe akapiga simu.

"Bi Daftari, naomba nilihamishe dirisha lote huku. Lisionekane kule mchana. Jioni nitalirudisha kwa mtu wa zamu ya usiku."

"Livute tu, mwanangu," sauti ya Bi Daftari ilisikika mpaka kitandani. "Mimi hilo dude nalikodolea macho tu. Yangu ni daftari. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Ila sasa kioo chako kitabaki kitupu. Fundi akiingia ndani ya bomba, nipigie kwanza. Kabla hata hujaandika."

"Nitaacha kukupigia vipi?"

Akalivuta. Kishale kikatulia, na chumba kikawa na watu wawili tu. Mshonaji alilala usingizi mzito wa mchana, wa kwanza tangu alazwe kitandani.

Jumatano ilikuwa siku njema. Mumewe alimkanda miguu jicho likiwa kwenye matangi. Walibishana juu ya majina ya mtoto, wakacheka. Saa saba meneja alipiga simu kuuliza kitu kidogo, na Taratibu akajibu, "Niko hapa kituoni, mkuu, nakiangalia." Alijibu bila kumeza mate. Mshonaji alimtazama mumewe, aliyewahi kurudisha dukani chenji iliyozidi, akaona jinsi uongo ulivyomtoka kwa ulaini siku ya tatu tu. Jambo hilo lilimtia ubaridi, lakini hakusema, kwa kuwa uongo wenyewe ulikuwa kwa ajili yake.

* * *

Alhamisi bomba la jikoni lilikohoa mara mbili likakauka.

Ilikuwa saa nne na kitu. Nyumba yao ilipata maji kutoka tangi la juu, na Taratibu alipolitazama kwenye dirisha aliona limeshuka kuliko kawaida. Pampu namba mbili ndiyo iliyolipandishia maji tangi hilo, nayo kila asubuhi ilipumzishwa kuanzia saa tatu hadi saa sita. Muda wake ulikuwa bado.

"Si uwashe?" alisema mshonaji. Alikuwa hajaoga tangu jana asubuhi, na kiu ya dawa ilikuwa imemkausha koo.

"Saa sita."

"Maji yote ya mji yako mkononi mwako na mimi naoga kwa kikombe."

"Saa sita, mama. Vumilia kidogo."

Walichokuwa hawajui ni kwamba bomba kuu la tangi la juu lilikuwa limepata ufa, na maji yalikuwa yanatokea pembeni mwa barabara. Kituoni Mpini na mwenzake waliambiwa waingie upesi, kwa kuwa pampu namba mbili imelala, wazibe, watoke kabla ya saa sita. Bi Daftari alikitoa kibao chekundu kwenye msumari wake, akakining'iniza kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kilikuwa kitupu, hakina dirisha wala kitufe. Lakini mkono uliotundika kibao pale kwa miaka hauulizi nyuma ya kibao kuna nini. Mpini alikiona, akamkonyeza mama wa watu kama kawaida yake, akabeba mfuko wake wa vifaa akatoka. Bi Daftari alifungua daftari aandike, ndipo apige simu. Wakaingia watu wawili wa mtaani kulalamika maji yanawaharibia ukuta, wakamshika maneno, na kibao kilikuwa kimeshatundikwa. Moyo wake ulikuwa umetulia. Simu ilimtoka kichwani kabisa.

Saa tano na nusu meneja alipiga.

"Tangi la juu likoje?"

"Limebaki chini ya robo, mkuu. Sijui kwa nini linashuka hivi."

"Hospitali wananipigia mimi. Mimi, mkubwa mzima, natukanwa na mtu wa usafi. Washa namba mbili."

"Muda wake bado nusu saa, mkuu."

"Unasubiri wafe? Kulikuwa na ufa huko, nadhani wameshaumaliza. Pako sawa hapo?"

Hilo *pako sawa* lilikuwa neno la kituo. Maana yake: tazama kioo kama kina kibao. Aliyekaa zamu hutazama, kisha hujibu. Meneja alikuwa anamjua Taratibu. Kibao kingekuwepo, hata aje rais asingewasha. Na Taratibu alifanya alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja. Aliinua macho akatazama kioo kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa safi. Kisha akageuza uso kidogo kwa mkewe, kama mtu anayetaka kukumbuka kitu.

"Washa bwana," mshonaji alimnong'oneza. "Watu wana kiu."

"Pako sawa, mkuu," alisema Taratibu, akabonyeza.

Kitufe kikawa cha kijani. Mstari wa bomba nao ukajaa rangi ya buluu kutoka chini kwenda juu, kwa utaratibu, kama ulivyochorwa kufanya. Taratibu aliutazama mpaka ulipofika tangini.

Baada ya dakika kama kumi, jikoni bomba lilikohoa tena, likatema hewa, na maji yakaanza kugonga ndoo tupu.

"Hayo," alisema mshonaji, akacheka kwa raha. "Nichotee kwanza kikombe."

Taratibu alikuwa ameshasimama kwenda kuchota simu ilipoita. Alikuwa Bi Daftari. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole sana, na kwa sababu ya upole huo mshonaji alisikia kila neno.

"Mwanangu, ni wewe uliyewasha?"

Taratibu alikiangukia kipanya. Alitaka kuizima pampu, akakosa kitufe mara ya kwanza, akakipata ya pili.

"Nani yuko ndani?" alisema kwenye simu. "Bi Daftari, nani yuko ndani?"

Alichojibiwa mkewe hakukisikia. Alimwona tu mumewe anavaa suruali juu ya bukta, anatafuta kiatu kilichokuwa mbele yake.

"Mpini?" aliuliza.

"Usiinuke."

"Nakuuliza, Mpini?"

"Nakuomba, usiinuke," alisema Taratibu, akakimbia. Jikoni ndoo ilijaa, maji yakaanza kumwagika sakafuni.

* * *

Alibaki na dirisha. Simu yake haikuwa na salio, na hakuna aliyempigia yeye. Alilala kwa ubavu wake wa kushoto akisikiliza maji yanavyomwagika, mpaka yakapungua, yakawa matone, yakaisha.

Kisha kishale kilitembea. Waya, au mtu mwingine kule, alikuwa ameligawa tena dirisha. Kishale kilikwenda moja kwa moja kwenye pampu namba mbili, kikasimama juu yake kuhakikisha imezimwa. Kikashuka chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo, na maneno yakaanza kutokea herufi moja moja.

*Saa 5:34 pampu 2 iliwashwa. Mafundi wawili walikuwa ndani ya bomba la juu. Mmoja ametolewa hai amepelekwa hospitali. Mmoja*

Hapo mwandishi alisimama.

Mshonaji alishusha miguu. Ilikuwa imekufa ganzi na sakafu ilimchoma kwa ubaridi. Alijishika ukingo wa kitanda, kisha meza, akakaa kwenye stuli yake mwenyewe, tumbo likigusa meza. Vidole vilivyozoea uzi vilitafuta herufi kwa shida. Akaandika chini ya maneno yale:

*yupi*

Kishale kilitulia. Kule kituoni watu waliokizunguka kioo waliona neno limetokea bila mkono, na bila shaka walitazamana. Baada ya muda herufi zikaanza tena.

*Nani anaandika*

*dada yake mpini*, aliandika mshonaji.

Alingoja. Aliona herufi tatu zinaandikwa, zinafutwa. Zikaandikwa nyingine, zikafutwa. Aliomba kwa moyo wote kwamba kwa sababu wanaitafuta lugha nzuri basi habari yenyewe haiwezi kuwa ile. Wangekuwa na habari njema wangeiandika bila kuitafutia lugha, na hilo alilijua hata akiwa anaomba. Kisha maneno yote yalifutika kwa mpigo, pamoja na yake, na dirisha lote la kijivu likateleza kwenda upande wa kushoto wa kioo, likatoka, likaenda zake. Kompyuta ikabaki na rangi ya buluu tu.

Mshonaji alikaa mbele yake. Hakupiga ukunga. Daktari alisema asishtuke, na alijitahidi kutoshtuka kama mtu anavyojitahidi kutopiga chafya. Akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akamlilia mdogo wake kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina lake la utotoni ambalo kule kazini hakuna aliyelijua.

* * *

Mumewe alirudi alasiri na gari la meneja. Alikuwa amelowa hadi kifuani. Meneja aliingia naye, akafika mpaka mlango wa chumba, akasimama hapo ameshika kofia. Mshonaji alikuwa amerudi kitandani. Hakuulizwa na mtu kama anajua, walimwona uso.

"Pole sana, mama," alisema meneja. "Ni msiba wetu sote. Kijana alikuwa hodari."

Meneja aliangalia kompyuta juu ya meza, akaangalia karatasi nyuma ya mlango, akakohoa.

"Nimeongea na bwana hapa. Kesho wanakuja watu wa uchunguzi. Hiki chombo Waya atakifuata sasa hivi. Hakikuwahi kuwa hapa. Bwana alikuwa kituoni, mimi nilimpigia, nikamuuliza kama pako sawa, akatazama, kibao hakikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa kweli."

"Kibao kilikuwepo," alisema Taratibu kwa sauti ndogo.

"Kilikuwepo mbele ya kioo kitupu, bwana. Na kupiga simu hakupiga. Yule mama amebakiza miezi minne astaafu. Wazee husahau, atahurumiwa. Wewe hutahurumiwa. Wewe unafungwa." Akamgeukia mshonaji, akalainisha sauti. "Na mama katika hali hii atabaki na nani? Fikirieni. Niko kwenye gari."

Alitoka. Walimsikia akifunga mlango wa gari, kisha redio ikilia kidogo na kuzimwa.

Taratibu alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, asimtazame mkewe.

"Ameteseka?" aliuliza mshonaji.

"Walisema haikuchukua muda."

"Nani walisema? Uliwauliza au walikuambia?"

"Walikuwa wanaambizana." Alifuta uso kwa mkono uliolowa. "Bi Daftari amekaa chini pale kituoni hataki kunyanyuliwa. Anarudia tu, nilikitundika, nilikitundika. Meneja ameshaanza kumwambia hakukitundika. Na yule mama anaanza kumwamini."

Mshonaji alikuwa na jambo moyoni, na aliogopa kwamba asipolisema sasa atakufa nalo.

"Mimi ndiye niliyekuambia umtoe Bi Daftari humu," alisema. "Angeiona pampu inawaka. Angeizima yeye. Nilimwonea aibu mtu asiyeniona."

"Nimelivuta mimi. Na nimewasha mimi."

"Na nikakuambia washa."

"Usiyabebe hayo. Daktari alisema..."

"Daktari alisema mengi. Nenda kawaambie kibao kilikuwepo. Waambie dirisha lilikuwa wapi, na nani alikupigia, na ulimjibu nini. Usimwachie yule mama. Mdogo wangu alikuwa anamwita mama."

"Watanifunga."

"Najua."

"Hunisikii. Watanichukua leo leo." Sasa aligeuka akamtazama, na mshonaji aliona kwamba mumewe anaogopa kama mtoto, na anampenda, na anatamani sana akatazwe. "Nikienda, nani atakaa na wewe?"

Ilikuwa rahisi kumkataza. Neno moja lingetosha, na redio ya gari ingewashwa tena, na wote watatu wangelala usiku huo kwenye vitanda vyao. Mshonaji alilisikia neno hilo limefika kwenye ulimi. Alimchukia meneja, akamchukia mumewe kidogo, akajichukia yeye zaidi.

"Kila ulipochelewa kazini, aliyekuja kukaa na mimi ni mdogo wangu," alisema. "Sasa nenda. Pita mlango wa nyuma, usipande gari lake."

Taratibu alisimama. Alitaka kumfunika shuka vizuri, mkewe akaondoa mkono wake, kisha akaushika tena kabla haujafika mbali, akaubana, akauachia.

"Na mlango uuache wazi," alisema. "Nikianguka, jirani anisikie."

Akauacha wazi.